Kisima cha Mauwa

Bi Somoe hakuwa mtu wa kukaa. Nilipanga chumba nyumbani kwake Temeke mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, na kwa muda wote ule sikuwahi kumwona akiketi mpaka chai ikaisha. Alikunywa amesimama, alikula akizunguka ua, na hata akisukwa nywele alikuwa anainuka katikati kwenda kuangalia kitu ambacho hakuna mwingine aliyekiona. Nikimwambia, "Keti basi, mama, unanitia kizunguzungu," alinijibu, "Keti wewe, Eufrazia. Nyie Wangoni mna nafasi."

Nilikuwa namcheka mpaka siku aliponieleza habari za mama yake. Kwao Newala ni juu ya mlima usio na maji. Maji yako chini bondeni, na wanawake wa zamani walikuwa wakishuka alfajiri na kupanda na mtungi kichwani, jua limeshakuwa kali. Mama yake, aliyeitwa Mauwa, alifia kwenye mteremko huo. Walimkuta ameketi, kaegemea jiwe, mtungi umesimama wima pembeni yake na maji yamejaa vilevile. Alikaa kupumzika kidogo, hakuinuka tena. Baada ya kusikia hayo sikumwambia tena Bi Somoe aketi.

Alipofika Dar es Salaam, jambo la kwanza aliloling'ang'ania yeye na marehemu mumewe, hata kabla nyumba haijaezekwa, lilikuwa kuchimba kisima. Walikichimba mbele ya nyumba, upande wa njia, ili mpita njia asihitaji kupiga hodi. Kilikuwa sadaka ya mama yake. Kila anayekunywa, thawabu zinamfikia Mauwa kaburini, na zitaendelea kumfikia maadamu maji yanachotwa. Kata ilitundikwa kwenye mti wa gurudumu la kamba, na sharti lilikuwa moja: kabla hujaipeleka mdomoni, useme, "Mola amrehemu Mauwa." Mimi Mkatoliki nilisema, "Apumzike kwa amani." Akanitazama, akafikiri, akasema, "Haya, kunywa. Huko juu watatafsiri."

Maneno hayo yalisemwa mtaani kwetu asubuhi mpaka usiku. Wauza mkaa, akina mama wanaotoka machinjioni Vingunguti na ndoo za utumbo, vibarua wa bandarini, wote walimwombea mwanamke wasiyemjua. Bi Somoe alikuwa akipita na ufagio wake, anasikia, anajifanya hakusikia.

Sasa, nyuma yetu, upande wa juu, palikuwa na yadi iliyozungushiwa mabati. Miaka ya nyuma kampuni moja ya wageni ilikuwa inatafuta madini kusini, na mawe yake iliyaleta pale. Waliyasaga, wakayaloweka katika tindikali, na machicha yake wakayamwaga shimoni ndani ya uzio. Kisha wakaondoka bila kumuaga mtu. Mabati yakashika kutu, sisi tukawa tunaanika nguo juu yake.

Siku moja akaja bwana maji, kijana Mhaya aitwaye Gozbert, amerudi kutoka masomoni ng'ambo. Nilitaka kumchukia nikashindwa, maana aliamkia kila mtu mzima na hakuogopa tope. Alichukua maji ya kila kisima katika chupa, kuanzia kwetu mpaka bondeni kwa Mwanaasha, karibu na shule, akaenda nayo kupimwa. Aliporudi, alikuja na Mzee Jabiri, balozi wetu wa nyumba kumi. Balozi akija na mgeni bila kutabasamu, ujue kuna jambo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sema, mwanangu, mie sina kifua cha kungojea."

"Maji haya yana urani, mama. Ni madini yaliyokuwa kwenye mawe ya yadi. Tindikali imeyayeyusha, nayo yameshuka na maji ya chini kwa chini mpaka hapa."

"Maji yangu matamu."

"Ni matamu, ndiyo. Urani haina ladha wala harufu. Kuyagusa si neno, kuyanywa ndiyo hatari. Yanaharibu mafigo taratibu, mtu hajui mpaka avimbe miguu."

Bi Somoe aliinua kata, akaitazama kama anaiona mara ya kwanza. Halafu akaishusha. Uso wake siwezi kuusahau. Wote tuliomwombea mama yake tulikuwa tumekunywa, na yeye ndiye aliyetuita tunywe.

Gozbert alimwomba asubiri. Alitaka kwanza kuchimbia mabomba membamba ardhini hapa na pale, ajue maji mabaya yanaelekea wapi na kwa kasi gani, ndipo apange namna ya kuyasafisha. Alisema kupanga bila kujua ni kupiga ngumi gizani. Maneno ya maana kabisa, lakini kumwambia Bi Somoe asubiri ni sawa na kumwambia kuku asiparue.

Hakungoja hata juma liishe. Kwetu kisima kikichafuka, labda paka katumbukia au maji yananuka, kinajulikana kinavyosafishwa: unakikausha chote, unatoa tope, unatia mkaa na chumvi, unafukiza udi, inasomwa dua, na maji mapya yanaingia masafi. Akamkalia kooni Mzee Jabiri mpaka akatangaza kazi ya kujitolea. Watu wakajitokeza kwa wingi, maana kila mtu alikuwa na deni la kata mbili tatu mahali pale. Tulichota kwa zamu, maji tukiyamwaga mtaroni. Kisima kikikauka, tunapumzika, maji yanarudi, tunakikausha tena. Tulifanya hivyo kutwa kucha kwa siku kadhaa, na Bi Somoe hakutoka kwenye kamba hata mikono ilipochubuka.

"Nenda kamlete bwana maji wako na chupa zake," akaniambia baadaye, macho mekundu. "Aje apime haya."

Gozbert akaja, akapima. Yalikuwa mabaya kuliko mwanzo, tena kwa mbali sana.

Hakufoka. Aliomba sahani, nikampa sahani yangu ya uji mzito. Akachota kijiko kando, akatuonyesha jinsi uji wa pande zote unavyojongea kuziba lile bonde. "Mlipokikausha, mliyavuta maji ya yadi yaje hapa upesi. Ardhi ya kwetu hapa ni mchanga, maji yanakwenda kule yanakovutwa."

Bi Somoe alishika mlango. "Kwa hiyo ni mie niliyeyaita."

"Ni wewe, mama," akasema yule kijana, na nilimheshimu kwa kutodanganya. "Lakini kuna jambo jingine, nami nitalisema mkutanoni."

Mkutano ulifanyika ofisi ya tawi la TANU, watu mpaka madirishani. Mzee Jabiri alifungua kwa kutaka kisima kifukiwe kwa zege, watu wakapiga makofi. Hapo Gozbert akasimama. Alisema shimo la yadi litafukuliwa na udongo wake kupakiwa kwenye mapipa upelekwe mbali, hilo lilikuwa limekwisha kukubaliwa. Tatizo ni maji yaliyokwisha kuingia ardhini. Siku zile tulipokuwa tunachota, maji ya kisima cha Mwanaasha bondeni, ambayo nayo yalikuwa yameanza kuingiwa na urani, yalipungua ubaya. Kisima cha Bi Somoe kilikuwa kimeyavutia kwake.

"Tukikifukia," akasema, "maji mabaya yatapita chini ya nyumba hizi yashuke mpaka shuleni. Ninachopendekeza ni kinyume. Kichotwe kila siku, kwa miaka, na asinywe mtu hata tone. Tujenge tangi la wazi lililosakafiwa saruji, maji yamwagwe humo, jua liyakaushe, tuzoe mashapo. Mvua zikija tutalifunika kwa mabati ya ile yadi. Pampu ya dizeli nimeiomba, sijui lini itapatikana. Kwa sasa ni mikono."

Bi Somoe alikuwa amesimama nyuma, mgongo ukutani, anahamisha uzito mguu huu na huu. Akapasua watu akaja mbele.

"Miaka mingapi?"

"Labda kumi, mama. Labda zaidi."

"Kisima cha mama yangu kichotwe miaka kumi na asinywe mtu? Kiwe kisima cha sumu chenye jina lake?" Sauti ilimpanda. "Kifukieni! Kifukieni sasa hivi, na mie mnitie humohumo. Afadhali asahaulike kuliko kusemwa hivyo."

Mwanaasha wa bondeni naye hakuwa na simile, na walikuwa hawapikiki chungu kimoja tangu walipogombania mpaka wa mihogo. Akadakia, "Msikilizeni! Sisi watoto wetu wanywe urani ili mama yake apewe heshima?"

Nilidhani watashikana. Bi Somoe alimtazama, kisha akamgeukia Gozbert.

"Nikichota mie, maji ya huyu yatanyweka?"

"Kwa ninavyojua leo, yatanyweka."

"Kwa unavyojua leo," akarudia, akatoka nje bila kuaga.

Usiku ule nilimsikia akitembea ukumbini, kwenda na kurudi, kandambili zikipiga sakafu. Kulipokucha, nikasikia gurudumu la kisima linalia. Nilitoka. Alikuwa amekwisha kuing'oa kata kwenye mti wake, na ndoo zimepangwa. Nikamuuliza anachota maji ya nini. "Ya kumwaga," akasema. "Chukua ndoo, usinisimamie kama sanamu."

Ndivyo tulivyoishi. Tangi lilijengwa, zamu zikapangwa nyumba kwa nyumba, watu wakaja kwa moto mwanzoni, kisha wakalegea kama kawaida ya watu. Yeye hakulegea. Alichota mvua na jua, na njia yetu ikawa kimya. Hakuna aliyesema, "Mola amrehemu Mauwa," maana kulikuwa hakuna cha kunywa. Nadhani ukimya ule ulimuuma kuliko mgongo. Nilimwona mara nyingi akisimama na ndoo mkononi, ametega sikio, halafu anamwaga.

Bondeni hakwenda. Maji ya nyumbani tulipanga foleni bombani, mbali, naye alikataa katakata kukanyaga kwa Mwanaasha. Alisema ni kwa ajili ya ule mpaka wa mihogo. Haikuwa hivyo. Aliogopa kuambiwa kwamba kazi yake haikufaa kitu.

Siku Gozbert alipokuja na majibu kwamba kisima cha bondeni ni kisafi, tena kimekuwa kisafi kwa muda mrefu, Bi Somoe alisema tu, "Alhamdulillahi," akaendelea kuvuta kamba. Nilimnyang'anya. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikamwambia, "Leo utakwenda kuyaonja, mama, hata kama nitakubeba." Akanitukana mpaka mlangoni, lakini akaja.

Kisimani kwa Mwanaasha palikuwa na foleni ya wanawake, wengi wapangaji wapya nisiowafahamu. Mwenyewe hakuwepo. Binti mmoja mwenye mtoto mgongoni alitujazia kata akampa Bi Somoe. Bi Somoe aliyanusa, akapeleka kata mdomoni upesi upesi, kama mtu anayekunywa dawa.

Yule binti akamshika mkono.

"Samahani, bibi. Hapa hatunywagi kimya. Mwenye kisima ataniua mie."

"Mnasemaje?" akauliza Bi Somoe.

"Tunasema, 'Mola amrehemu Mauwa.'"

"Mauwa ni nani?"

"Simjui, bibi. Tunaambiwa ndiye anayetuchotea."

Bi Somoe alitazama ndani ya kata. Akasema yale maneno, taratibu, neno kwa neno, akanywa yote. Kisha akatafuta mahali pembeni ya kisima, akakunja kanga yake, akaketi chini. Alikaa pale akiwasikiliza wanawake wakinywa mmoja mmoja, mpaka foleni ikaisha.