Kidole Nilichomnyooshea Kabula

Jumanne iliyopita tulimzika dada yangu Kabula huko Nansio, kisiwani kwa mumewe. Alikuwa na miaka thelathini na miwili.

Baada ya kuanua matanga, shemeji alinikabidhi mfuko wa salfeti wenye vitu vyake. Chini kabisa, chini ya vitenge, nilikuta glavu zake za kriketi. Ngozi ilikuwa imekakamaa, na kidole gumba cha kulia kimeshonwa kwa uzi wa nyavu. Nilizinusa kabla sijafikiri. Zilinuka dagaa, maana kila kitu cha nyumba ile kinanuka dagaa. Lakini nilipoingiza pua ndani, jasho lake lilikuwa bado lipo, pamoja na vumbi la ule mkeka mgumu tuliokuwa tunautandika uwanjani. Nikakaa chini. Kuna jambo sijamwambia mtu kwa miaka kumi na mitatu. Ninyi nitawaambia.

Wengi hawajui kwamba Mwanza kuna wanawake wanaocheza kriketi. Tulipotoka nyumbani Kiseke na magongo begani, majirani walituuliza tunakwenda kutwanga nini. Timu ya mkoa ilikuwa na muuza maandazi, wanafunzi watatu, na mama mmoja aliyekuja na mtoto mgongoni na kumnyonyesha kila tulipopumzika. Mwalimu wetu, Mwalimu Shabani, alikuwa fundi cherehani wa mjini. Suruali za timu alizishona mwenyewe, zote saizi moja, akasema mwili utaikuta suruali huko mbele. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili na jina langu lilikuwa la mwisho kwenye orodha. Suruali yangu niliikunja mara nne.

Kabula alikuwa na miaka kumi na tisa, na ndiye aliyeanza kupiga kila mara. Alikuwa amemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo baba hakutaka yatajwe ndani ya nyumba. Nyumbani alikuwa wa kuchota maji na kukaripiwa. Uwanjani watu walinyamaza akishika gongo.

Mwaka ule mashindano ya mikoa yalifanyika kwetu, na mgeni kutoka Dar alikuja kuchagua wasichana wa kwenda kambi ya timu ya taifa. Asubuhi ya mechi ya mwisho Mwalimu Shabani alimwambia Kabula mbele yetu sote, "Yule pale kwenye hema amekuja kukuangalia wewe. Simama pale mpaka mwisho. Leo usitoke."

"Sitoki, Mwalimu," Kabula alisema. Kisha akanigeukia, "Minza, niombee. Nikienda Dar nitakuletea viatu ambavyo hujarithi kwangu."

Sasa niwaeleze kitu kimoja cha mchezo wetu. Waamuzi wanatakiwa wawili. Tuliyeletewa mwenye kusomea alikuwa mmoja tu. Yule wa pili, anayesimama pembeni ya mpigaji, alitolewa na timu inayopiga, kutoka kwa wachezaji wa akiba. Yaani mtu wa kwenu ndiye anayesema kama wa kwenu ametoka na zamu yake ya kupiga imekwisha. Siku ile Mwalimu alinichagua mimi. Alinichagua kwa sababu nilisifika kwa kusema kweli. Shuleni niliwahi kurudisha daftari kwa mwalimu nikamwambia amenipa vema mahali nilipokosa. Baba aliisimulia habari hiyo kwa kila mgeni, akimalizia na msemo wake, "Msema kweli mpenzi wa Mungu."

Mwalimu Shabani aliniinamia. "Mpigaji akikimbia, angalia mstari. Vile vijiti vilivyosimikwa nyuma ya mstari vikiangushwa kwa mpira kabla hajaufikia, ametoka, nyoosha kidole. Lakini shika neno moja. Kama hujaona, mpigaji anabaki. Usikisie."

Wapinzani walitangulia kupiga; zamu yetu ilipofika, Kabula alipiga mpaka jua likawa utosini. Mdaka mpira wa timu pinzani, aliyechuchumaa nyuma yake, hakuacha kumchokoza.

"Dada, huchoki? Au kwenu mnakula sato hata usingizini?"

"Tunawabakizia miiba," Kabula alijibu bila kugeuka, na mimi mwamuzi nikacheka.

Tulibakiza mikimbio tisa tu, ndiyo pointi zetu, kushinda wakati wadudu wa ziwani walipokuja. Wa Mwanza mnawajua. Wanainuka juu ya maji kama moshi wa jiko la kuni, hawaumi, lakini wanajaa puani na kinywani. Wingu lilipita juu ya uwanja na wote tukaanza kupunga mikono. Mwamuzi mkubwa alisimamisha mchezo kidogo, kisha akaona wamepungua, akasema tuendelee.

Kabula akaupiga mpira mbali, upande wa barabara. Akakimbia mara ya kwanza. Akageuka kukimbia ya pili, akija upande wangu. Nilisikia soli zake kwenye mkeka. Nikaona mpira ukirushwa kutoka mbali. Nikainama kuuangalia mstari kama nilivyoagizwa, na hapo mdudu akaniingia jichoni.

Nilifumba. Nilisikia vijiti vikianguka. Nilipofumbua, Kabula alikuwa ameshaupita mstari, vijiti viko chini, na wasichana kumi na mmoja wamenyoosha mikono wakinipigia kelele, "Vipi, mwamuzi?"

Sikuona. Hilo ndilo jambo lenyewe. Nilitakiwa kutikisa kichwa, na Kabula angebaki. Lakini mdaka mpira alisema, "Hamtoi huyo, ni dada yake," na watu wa kwenye hema wakawa wananitazama. Nilimwogopa yule msichana, na niliogopa kuonekana kama ninapendelea. Nikanyoosha kidole.

Mdaka mpira alinitazama akasema taratibu, "Kumbe wapo watu wa haki." Kabula alisimama akiniangalia, kifua kinapanda na kushuka. Hakubisha. Aliweka gongo kwapani, akavua glavu akitembea, akapita karibu yangu.

Tulishindwa. Wengine watatu waliomfuata walitoka haraka. Lakini niwaambie ukweli wote, jioni ile mimi nilikuwa na furaha. Mgeni wa Dar alinishika mkono. Mwalimu Shabani alininunulia soda na kuwaambia wageni, "Huyu amemtoa dada yake wa tumbo moja." Nilikunywa ile soda yote.

Majina ya kambi yalipotoka, la Kabula halikuwemo. Siwezi kuapa kwamba angebaki uwanjani angechukuliwa. Mwalimu alisema tu kwamba Kabula alibakiza kidogo achaguliwe. Msimu uliofuata hakurudi mazoezini. Akaolewa Nansio, akafanya kazi ya dagaa, kusimama majini mpaka magotini wakati wa kupakua mitumbwi, kuosha, kuanika. Kichocho kilimwingia huko na hakikujulikana mpaka kilipolila ini. Sisemi kidole changu ndicho kilichomuua. Nasema tu kwamba ninaijua njia yote kutoka kwenye ule mkeka mpaka kwenye lile kaburi, na mahali ilipoanzia nilikuwa nimesimama mimi.

Na mimi nililishwa na sifa ile. Hata kazi ninayofanya sasa, kushika funguo za stoo ya bidhaa, niliipata kwa sababu Mwalimu Shabani alikwenda kunisemea, "Huyu hapindi." Nikiwa mtoto nilidhani kusema kweli ni kufanya jambo linalokuumiza mbele ya watu. Nimechelewa sana kuelewa kwamba siku ile kweli yangu ilikuwa maneno mawili madogo, "Sikuona, Mwalimu," na hakuna ambaye angenipigia makofi kwa hayo.

Walimleta hospitali hapa Mwanza tumbo limejaa maji na mikono imebaki mifupa. Nilikuwa nikimpangusa uso siku ya mwisho aliponiita.

"Minza. Ile siku, uliona?"

Miaka yote hiyo hakuwahi kuniuliza. Nilijua ni ipi bila kuambiwa.

"Niliona, dada."

Alifumba macho nikadhani amelala. "Mimi nilijua nimefika," alisema. "Lakini kama wewe uliona, basi."

Hapo nilikuwa na nafasi tena, na hapakuwa na mdudu wala hema. Ningependa kuwaambia nilinyamaza ili afe akiwa na amani. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa, kama mara ya kwanza.

Aliomba maji. Nilimwinua kichwa nikampa kwa kijiko. Akameza vijiko viwili, cha tatu akakikataa, akageukia ukutani.