Uji wa Kikundi cha Maombi

Madeleine aliuza unga wa muhogo pale Misiera, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Mwaka 2013 aligunduliwa ana homa ya ini, na kliniki yetu ya Mbarara ilitaka kujua jambo moja: je, ini limeanza kuota makovu? Kama limeanza, angepewa dawa za kila siku. Ini zima huondoa asidi ya hialuroni kwenye damu. Lenye makovu hushindwa, nayo hujaa. Lakini chakula pia huipandisha kwa muda. Kwa hiyo mimi, fundi mpya wa maabara, nilimwambia aje bila kula.

Alihangaika siku tisa kupata kibali cha kutoka makazini. Asubuhi ya safari, wanawake wa kikundi chake cha maombi walimletea sufuria ya uji wa soya, kama wanavyomfanyia kila mgonjwa anayekwenda hospitali.

"Daktari alikataza," alisema.

"Alikataza chakula," alijibu Mama Eliane, kiongozi wao. "Uji ni maji tu. Utaenda tumbo mutupu kama vile hauna bantu ba kukuangalia?"

Akanywa vikombe viwili.

Kule kliniki, namba ya asidi ilitoka mia mbili na arobaini. Kwa ini zima haizidi mia. Nilipomuuliza kama alikula, alisema ukweli, nami nikalazimika kulifuta jibu la kipimo.

"Unafuta? Siku tisa za kibali, unafuta?"

"Pole, mama."

"Pole yako niiweke fasi gani?"

Kibali cha pili kilichukua wiki tatu. Safari hii alilala Biharwe, karibu na Mbarara, kwa Hafswah, mteja wake wa unga. Asubuhi aliponung'unikia njaa, Hafswah alimcheka: "Sisi tunafunga mwezi mzima, wewe asubuhi moja tu unalia?"

Alifika midomo imemkauka. Nilipima mara mbili. Mia mbili thelathini na moja.

Aliikodolea macho ile karatasi. Wiki tatu alikuwa ameulaani ule uji. Sasa nikaona kwamba alikuwa ameutegemea pia uwe ndio sababu.

"Kwa hiyo si uji."

"Si uji, mama."

"Basi ningeanza dawa mwezi uliopita."

Nilimwambia sasa anaweza kula. Alikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la dawa, akalikuta limefungwa; wahudumu walikuwa wamekwenda kula. Akaketi kwenye benchi na njaa yake, akasubiri.