Subiri Kidogo na Anwani ya Katibu

Shangazi yangu alikaa kwenye swichibodi, meza ya kuunganishia simu za hospitali, miaka ishirini na miwili, na muda wote huo akiinua simu husema "subiri kidogo." Basi hospitali nzima, kuanzia madaktari bingwa hadi wafua mashuka, wakamwita Subiri Kidogo, naye akaitika bila kinyongo. Alijua sauti ya kila mtu. Alijua pia nani hapatani na nani, na kama daktari wa meno hakutaka kuongea na mfamasia, shangazi aliweza kuipoteza simu kwa adabu mpaka mfamasia achoke mwenyewe.

Kisha akaja Katibu mpya wa hospitali, bwana mmoja wa tai nyekundu, akaamua kwamba mtu wa katikati hahitajiki. Swichibodi ikang'olewa. Shangazi akapelekwa chumba cha kompyuta "akapokee wageni," chumba ambacho tangu kijengwe hakijapata mgeni hata mmoja.

Humo alimkuta fundi wa mitambo, dada mwenye mimba ya miezi minane na ulimi mwepesi, na kompyuta moja kubwa iliyonguruma kutwa. Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na huduma tatu: miadi ya wagonjwa, majibu ya maabara, na sanduku la malalamiko. Kila huduma imefungiwa kwenye kasha lake la programu, mafundi huliita kontena, ili moja likiugua lisiyaambukize mengine. Shida ni kwamba kila kontena lilikuwa na namba yake ya kuingilia, na namba hizo zilibandikwa kwa karatasi kila ukuta. Watu walizichanganya. Daktari wa macho alikuwa akitafuta majibu ya damu, akajikuta anasoma malalamiko ya mgonjwa kwamba mwandiko wake hausomeki.

"Nataka kuweka programu ya mbele, inaitwa proksi," fundi alimweleza. "Wote wanagonga kwake. Anasoma wanataka nini, anakwenda kwenye kontena husika, anawaletea jibu. Wao hata hawajui nyuma kuna nini."

Shangazi akavua miwani. "Mwanangu, hiyo si ndiyo kazi yangu? Wamenitoa mlango wa mbele, wewe unanirudisha wa nyuma."

Tangu siku hiyo walifanya kazi pamoja, fundi akiamuru, shangazi akibonyeza kwa vidole viwili. Lakini mtoto hakungoja tarehe. Fundi alikimbizwa wodi ya wazazi, akaacha daftari na kazi nusu.

Shangazi aliendelea peke yake. Aliandika maelekezo yote kama daftari lilivyosema, akafungua ukurasa, akapata weupe mtupu na namba ya hitilafu: 502, ambayo daftari lilieleza kuwa proksi imegonga nyuma bila kujibiwa. Akaandika upya. Ikawa ileile. Siku ya tatu alipanda ghorofa ya pili na daftari kwapani, akamkuta fundi ananyonyesha.

"Umeiambia proksi itafute wapi, mama?"

"Hapahapa kwenye mashine."

"Proksi nayo ina kontena lake. Ukiiambia hapahapa, inajitafuta yenyewe."

"Kumbe inapiga namba yake mwenyewe," shangazi akasema. "Inatarajia nini zaidi ya mlio wa bize?"

Alishuka, akayaweka makontena yote kwenye laini moja ya ndani, akaiagiza proksi iyaite kwa majina. Kabla ya chai, miadi ilifunguka, maabara ikafunguka, malalamiko yakafunguka. Alizunguka korido zote akibandua karatasi, akitabasamu peke yake hadi mlinzi akamuuliza kama yu mzima.

Habari zikamfikia Katibu. Alishuka na tai yake.

"Ofisi yangu nayo iwe na anwani yake kwenye proksi, kama miadi na maabara. Nimeshachapisha bango la getini, lenye anwani hiyo na picha yangu."

"Nyuma yake kuna nini, Bwana Katibu?"

"Nyuma ya nini?"

"Mtu akigonga, nimpeleke kontena gani?"

"Wewe weka. Ya nyuma hayakuhusu."

Shangazi akaweka anwani isiyo na kitu nyuma. Kesho yake Katibu alirudi amefura, kwa kuwa jina lake lilikuwa limekaa juu ya 502. "Peleka popote," alisema, "lakini pafunguke."

Popote palikuwa patatu tu. Miadi ilikuwa imeelemewa. Majibu ya maabara ni siri za watu. "Nilipima kwa haki kabisa," shangazi aliniapia, ingawa macho yake yalikuwa yanacheka. Akaandika mstari mmoja: anayemwita Katibu apelekwe kwenye malalamiko.

Kwa mwaka mzima sanduku lile lilikuwa limepata malalamiko kumi na moja, manne ya mtu mmoja. Sasa, kwa sababu ya picha ya getini, yaliingia mia tatu kwa wiki. Na kila aliyeandika alijibiwa na programu yenyewe: "Asante, tutalishughulikia ndani ya siku saba." Watu wakadhani ni ahadi ya Katibu. Siku ya nane walipanga foleni mlangoni kwake, wa kwanza akiwa bibi mmoja aliyekuja na mto wa wodini, umechanika, kama ushahidi.

Katibu alishuka ngazi mbilimbili. "Ondoa huo mstari."

Shangazi hakubisha, akavuta kibodi. Ndipo simu ya Katibu ikalia. Aliyepiga alikuwa mwenyekiti wa bodi. Ameona bango, ameandika mwenyewe kuhusu choo cha wageni, akajibiwa papo hapo, na hajapata kuona katibu msikivu namna hiyo.

"Ni wajibu tu, mheshimiwa," Katibu akasema, jasho likimtoka. Akakata simu.

"Niondoe?" shangazi akauliza, kidole juu ya kitufe.

"Uache. Uache kwanza."

Bomba la wodi ya tatu lililokuwa likivuja lilizibwa wiki ile. Mito ikabadilishwa. Jioni shangazi alimsimulia mumewe, fundi cherehani, naye ilibidi ateme pini kwanza ndipo acheke.

Fundi wa mitambo aliporudi kutoka likizo ya uzazi alipitia faili la maelekezo ya proksi mstari kwa mstari, akasimama kwenye ule wa Katibu.

"Mama, huu ni wa makosa?"

"Hapana."

Aliusoma tena, akaandika juu yake maneno ambayo kompyuta huyaruka lakini mafundi huyasoma: usiguse, unafanya kazi.