Kengele ya Taa kwenye Pikapu ya Shabani

Sikulazimishi uniamini. Mimi mwenyewe ningesimuliwa kisa hiki, ningemwambia msimuliaji akalale. Lakini pikapu ipo, imeegeshwa nyuma ya karakana yangu hapa Mafiga, na majirani wanaisikia. Mimi ni fundi umeme wa magari, mwaka wa ishirini na kitu huu nahangaika na waya, na mtu wa umeme haamini kitu ambacho hajakipima. Hiki nimekipima mpaka nimechoka.

Pikapu ilikuwa ya mdogo wangu, Shabani. Alikuwa anabeba kabichi na karoti za wakulima wa Mgeta, anashusha sokoni mjini. Wanaoijua njia ile wanajua kwamba ukungu wa kule juu hauna adabu. Saa nne asubuhi unaendesha umewasha taa kama usiku wa manane. Ukishuka huku chini unakuta jua kali, na kwenye jua kali nani anaona kama taa zake zinawaka? Shabani alikuwa anaegesha, anashusha mzigo, anakunywa chai yake taratibu, akirudi betri imekwisha. Halafu ananipigia simu mimi.

Nikamwambia nitamfungia kengele. Ni kidude kidogo, ukubwa wa kifuniko cha soda. Waya mmoja unatoka kwenye taa, mwingine unakwenda kwenye swichi ya mlango wa dereva. Ukifungua mlango huku taa zinawaka, inalia. Ukizima taa au ukifunga mlango, inanyamaza. Magari mapya yanakuja nayo kutoka kiwandani, lakini pikapu ya Shabani ilikuwa kuukuu, hata redio haikuwa nayo.

Kabla sijaifunga, betri ikamfia huko huko mlimani. Alikuwa amesimama kwenye kona moja kupakia magunia, taa zinawaka, injini kazima. Nikapanda bodaboda na betri iliyojaa mapajani, nikafika kwenye saa tatu na nusu. Ukungu ulikuwa mzito, Shabani nilimsikia akikohoa kabla sijamwona. Nikabadilisha betri, nikaona, kwa kuwa vifaa ninavyo, nifunge na kengele papo hapo.

Nilikuwa naunga waya wa mwisho alipotokea mzee mmoja na jembe begani. Jembe lilikuwa na udongo mwekundu, mbichi, unadondoka. Nikamwamkia, shikamoo mzee. Hakuitikia. Badala yake akasema, kwa Kiluguru, kwamba watu wa ukoo wetu hata gari hawajui kulilisha, na akautaja ukoo wa mama yangu kwa jina.

Nikacheka. Nikajua huyu ni mtani. Kwetu mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, akabeba na kuku wako, na ukinuna wewe ndiye huna adabu. Siku ya msiba ndiye anayekuchimbia kaburi, na siku yake wewe unamchimbia. Sasa nani anamdai mtani salamu? Hapo ndipo nilipokosea, nakwambia mapema ili usije ukasema sikukwambia.

Akauliza nafunga nini. Nikamweleza, nikawasha taa, nikafungua mlango, kengele ikalia. Akainamisha kichwa kuisikiliza.

"Kwa hiyo hii ikilia, watu wanajua dereva ametoka?"

"Ndiyo, mzee. Ametoka na taa ameziacha."

"Vizuri," akasema. "Mimi nilipotoka hakuna aliyejua."

Nikayachukulia kuwa maneno ya uzee. Akamtazama Shabani kutoka juu mpaka chini, kama mtu anayechagua ng'ombe. Akasema, "Nipe huyu dereva akanisaidie kuchimba."

Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikamjibu kama mtu anavyomjibu mtani. "Mchukue tu. Anakula sana huyu, utamrudisha mwenyewe."

Shabani akacheka, akampa mkono. Kengele ilikuwa bado inalia, nikageuka kufunga mlango. Nilipowaangalia tena, Shabani alikuwa peke yake, anafuta kiganja kwenye suruali. Akasema mkono wa mzee ulikuwa wa baridi kama umetolewa mtoni. Tukasema ukungu ule, mtu akipiga hatua tatu humwoni tena. Tukawasha gari tukashuka.

Jioni tulikula kwa mama. Shabani ndiye aliyesimulia, tena kwa mbwembwe, akimwigiza mzee na jembe lake. Mama amezaliwa kule juu. Akautoa mkono kwenye sinia ya ugali, akaniangalia mimi, si Shabani.

"Aliitikia salamu?"

Nikasema hapana.

Ndipo akatueleza. Mtani yule aliwachimbia makaburi baba yake mama na kaka zake wote wawili. Siku moja ya masika mlima ukaporomoka pale kwenye kona, ukamfunika na jembe lake. Zamu ya kuchimba ilikuwa ya ukoo wetu, lakini mvua ilikuwa imekata njia, na wazee wetu wakachelewa. Walipofika hakuna aliyejua pa kuanzia. Wakasoma dua wakarudi. Tangu hapo yupo pale, anaomba mtu wa kuchimba. Ukimkatalia anapita zake, hana ubaya.

"Wewe hukumkatalia," mama akasema. "Umemtoa mwenzio."

Shabani alicheka tena, lakini safari hii peke yake. Mama akasema imebaki njia moja. Kuku aliyebebwa na mtani unamfuata mtani unamtania mpaka akurudishie. Basi nami nikamfuate, nimtanie, aliondoe neno lile.

Nikazichukua funguo za Shabani, nikapanda mlimani asubuhi tatu mfululizo. Unajua kilichonipata? Nilisimama kwenye kona ile, ndani ya ukungu, natukana. Nilimtukana meno yake, nikamtukana jembe lake, nikasema ukoo wao hawajui kulima hata mchicha. Akina mama wenye mizigo ya kabichi kichwani walinipita mbali, kila mmoja akijua nimechanganyikiwa. Siku ya kwanza nilikuwa nacheka. Siku ya tatu nilikuwa nalia na bado natukana, nikimwomba atoke anitukane na yeye. Hakutoka mtu.

Nikajidanganya kwamba basi hayupo, ni hadithi za wazee. Wiki mbili zikapita, wakulima wanapiga simu, kabichi zinaoza. Shabani akaja karakana akaniambia, "Kaka, utanifungia mpaka lini? Watoto wanakula nini?" Nikampa funguo. Hakuna jini aliyezitoa mfukoni mwangu. Nilizitoa mimi.

Siku ya nne baada ya kumpa, nikapigiwa simu kutoka mlimani. Nilipofika hapakuwa na ukungu hata kidogo, jua lilikuwa linawaka. Pikapu ilikuwa kwenye kona ile, imepakiwa vizuri, mzigo umefungwa kamba. Taa zote zinawaka. Mlango wa dereva uko wazi, kandambili za Shabani zimepangwa chini yake, na kengele niliyoifunga mimi inalia. Kando ya barabara palikuwa na shimo jipya la kimo cha goti.

Tulimtafuta bondeni siku tisa, wanakijiji na polisi. Hatukupata hata kifungo. Tukasoma hitima bila kaburi. Watani walikuja, wakakaa, wakala, wakaondoka, na hakuna hata mmoja aliyetania. Nimezika watu wengi, sijawahi kuona msiba wa namna hiyo. Mama tangu siku ile ananiitikia salamu, basi. Mwezi uliopita nilipanda tena kuliangalia shimo. Limefika kifuani, na hakuna anayekiri kulichimba.

Kwa hiyo wewe unayepita milima ile na taa zimewashwa mchana, nisikilize. Utani wetu ni mzuri, sikukatazi. Lakini mtu akitoka kwenye ukungu ukamwamkia asiitikie, akikuomba maji mpe, akikuomba mtu mwambie hapana. Usicheke. Mwambie hapana na uondoke.

Pikapu niliivuta mpaka hapa. Betri nilishaitoa, waya wa kengele nimeukata sehemu mbili, mlango naufunga kwa ufunguo. Lakini ukungu ukishuka ukaziba mlima, nasikia inalia nyuma ya karakana. Naacha kazi ya mteja mikononi, nakimbia. Kengele ile niliifunga mwenyewe, najua inavyofanya kazi. Inalia mlango ukifunguliwa, haijui kama mtu anatoka au anaingia. Nafika naukuta mlango uko wazi, kiti kitupu. Naufunga, narudi kazini.