Lengalenga za Mama Christiane

Mama Christiane Mwenya alifundisha biolojia kwa miaka ishirini na miwili katika sekondari moja ya Lubumbashi, mpaka mgongo ukamkatalia kusimama ubaoni. Ndipo akarudi kwenye shamba la marehemu baba yake, kando ya kijito nje ya mji, akapanda lengalenga, yaani mchicha, na matembele. Hakutumia mbolea ya dukani wala dawa ya wadudu, ila samadi ya mbuzi na maji ya kijito. Majani aliyakausha nyuma ya nyumba yake mtaani Hewa Bora, akayatia kwenye pakiti za karatasi zilizoandikwa Lubuto Bio, na chini yake: "Moja kwako, moja kwa mtoto."

Ahadi hiyo aliitimiza. Kila pakiti ilipouzwa, nyingine ilikwenda Kenya, mtaa wa watu wengi humohumo Lubumbashi, kwa Mama Estelle, mjane kutoka Kasai aliyelea yatima thelathini na mmoja. Kwa miaka mitatu watoto hao walikula bukari, ugali wa huko, kwa mboga za Christiane.

Mwaka huu duka kubwa la mjini lilikubali kuziuza, mradi zipimwe kwanza. Zéphirin, mwanafunzi wake wa zamani, ndiye aliyezipima maabarani. Majibu aliyaleta mwenyewe nyumbani.

"Madame, ikala kwanza," alisema akimvutia kiti. " Dawa ya badudu hakuna. Lakini majani iko na plomb mingi, na cobalt. Inatoka mu maji, kule juu kwenye banachimba madini."

"Pima tena."

"Nilipima mara tatu, Madame."

Plomb, yaani madini ya risasi, huingia katika damu ya mtoto na kumdumaza akili. Hilo Christiane hakuhitaji kuelezwa. Yeye mwenyewe alikuwa amefundisha darasani kwamba mzizi hauchagui, hunyonya kilichomo udongoni.

Mdogo wake, Laurent, alimshauri anunue majani kwingine, ayatie kwenye pakiti zilezile, anyamaze. "Nani atayua?" alimwuliza.

Siku mbili Christiane hakutia kitu mdomoni. Siku ya tatu akaenda Kenya. Watoto walikuwa wamezunguka sinia, wakachangamka walipomwona. Alimwomba Mama Estelle watoke wawili uani, akamweleza yote bila kuficha.

"Uliniambia ile mboga iko safi," alisema Mama Estelle. "Miye ndio niliwapikia. Na mikono yangu."

"Sikuyua, yaya," alisema Christiane, akimwita kama dada mkubwa.

"Weye ni mwalimu."

Mama Estelle aliingia ndani, akawaondolea watoto sinia wakiwa bado wanatafuna. Mdogo mmoja akaanza kulia.

Zéphirin aliwatafutia daktari. Watoto kumi na tisa walikutwa na plomb kupita kiasi. Christiane aliuliza kuhusu dawa. Daktari alimjibu kwamba jambo la kwanza ni kuacha kula mboga hizo, wapewe maziwa na maharage, kisha wangoje. Lililokwisha kuharibika, alisema, huenda lisirudi.

Christiane alipita duka kwa duka akikusanya pakiti zake na kusema kwa nini. Tangu hapo pensheni yake yote hununua maharage, naye huyafikisha kila Jumamosi. Mama Estelle huyapokea mlangoni, ndani hamkaribishi.

Mvua zilipokaribia alikwenda shambani kung'oa kila kitu, azike. Kabla hajamaliza tuta la kwanza, wanawake wa jirani walifika na mifuko. Nao walilima kando ya kijito kilekile.

"Mama, usitupe. Utupatie siye."

Akawaeleza habari za plomb, za damu, za watoto wa Kenya. Walimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha mmoja wao, Mama Chanda, aliyebeba mtoto mgongoni, akauliza kwa upole:

"Na siye tutakula nini?"

Christiane aliinama akaendelea kung'oa. Aliwasikia nyuma yake wakiyaokota majani.