Jumamosi za Mbwa Ghalani

Mimi nilisomea ng'ombe. Kila aliyeniuliza nilimwambia hivyo kabla hajamaliza swali: ng'ombe wa maziwa, miaka miwili chuoni, na cheti ninacho. Lakini miaka ile ya tisini serikali ilikuwa inapunguza watu, haiajiri, na kazi pekee niliyoipata Migori ilikuwa ya kunyoa matumbo ya mbwa.

Aliyenipa kazi hiyo alikuwa daktari wa mifugo aliyestaafu, mzee mrefu aliyevaa koti la mvua hata jua likiwaka. Kila Jumamosi alifunga uzazi mbwa na paka wa watu wasiojiweza, na madume akawahasi. Sababu yake aliniambia mara moja tu. Alikuwa anatoka Awendo kwa pikipiki, akaona gunia linasogea kando ya shamba la miwa. Ndani mlikuwa na watoto wa mbwa saba, wanne wakiwa bado wazima. "Aliyewatupa si mtu mbaya," aliniambia. "Ni mtu hana chakula cha kuwapa." Kisha akaniagiza nikachemshe makasi.

Tulifanyia kazi kwenye ghala nyuma ya duka la vitambaa. Mwenye duka alikuwa Mwislamu kutoka pwani, mpole sana kwa watu, na kwa paka wake alikuwa mpole kupita kiasi. Siku tulipomfunga uzazi paka huyo, mzee wa watu alisimama nje ya mlango akisoma dua mpaka nikamwonea huruma kuliko mgonjwa. Paka alipoamka salama, tulipewa ufunguo wa ghala na vipande vya kitambaa cheupe vya kumfunikia mnyama wakati wa upasuaji. Meza yetu ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa mawili. Bei ilikuwa ndogo, na aliyekosa kabisa alileta mkaa, maana vyombo tulivichemshia kwenye jiko.

Kazi yangu ilikuwa kunyoa, kushika, kuangalia pumzi, na kupanga foleni. Kwenye foleni ndiko nilikokuwa hatari. Sikuwa na subira hata ya kungoja chai ipoe. Halafu mimi ni Mkuria wa Isebania, na Kiluo changu wakati huo kilitosha kununua samaki tu, kwa hiyo watu walinong'ona mbele yangu na sikujua wanasema nini. Nilijua mbwa. Wenye mbwa sikuwajua.

Jumamosi moja akaja mwanamke kijana na mbwa mwekundu, sikio moja limechanika. Daktari alimjua mbwa huyo. Alikuwa amezaa mara mbili, na mara zote mbili watoto walikwama. Mara ya mwisho daktari aliitwa nyumbani kwao akawatoa watatu kwa mkono, wote wamekufa. Akamgusa tumbo, akaniita kando, akasema akishika mimba nyingine hatapona. Wiki mbili tatu hivi, alikadiria, angeingia joto tena, atafute dume. Nikaenda kumwambia yule dada.

Alinisikiliza huku anamkuna mbwa shingoni. Kisha akaniuliza polepole, "Sista, hakuna dawa tu? Ya kuzuia? Bila kutoa kizazi?"

"Hakuna," nikasema. "Ni kutoa."

"Basi nitamfungia kwa nyumba."

"Utamfungia mwaka mzima? Dada, hii mbwa itakufa. Na ikikufa, wewe ndio umeiua!"

Niliyasema kwa sauti ya kuita watu gulioni. Foleni nzima ikageuka. Mtu mmoja akacheka, wawili wakanong'onezana, na yule dada akamfunika mbwa kichwa kwa leso yake, sijui kwa nini kichwa, akaondoka. Mimi nikaita anayefuata. Nakumbuka kabisa kwamba nilijiona nimefanya kazi yangu vizuri.

Jioni ninafagia manyoya, mwenye duka akaja akakaa juu ya gunia. "Mwanangu," akasema, "yule uliyemfokea asubuhi hajajaaliwa mtoto. Mwaka wa sita huu yuko kwa mumewe. Wanawake wenzake hapo kijijini wanamsema mchana kweupe, nami nawasikia hapa dukani wakichagua vitambaa. Sasa wewe unamtaka atoe kizazi cha mbwa mbele ya kadamnasi? Watasema kumbe ndiye anayefunga matumbo ya boma zima."

Niseme ukweli, jambo la kwanza nililohisi lilikuwa hasira: kwamba watu wanaweza kuwaza hivyo, na mbwa afe kwa ajili ya midomo yao. Aibu ilikuja baadaye, na ilipokuja ikakaa. Usiku ule na uliofuata nilimwona tu akimfunika mbwa kichwa.

Jumanne nikapanda baiskeli ya kukodi hadi kwao, upande wa barabara ya Rongo. Nilikuwa nimepanga maneno matamu ya kuomba radhi. Lakini dada yule alikuwa ameenda mtoni, na aliyekuwepo ni mama mkwe wake, amekaa kivulini mwa nyumba anabambua karanga. Mwanamke mkubwa wa mwili, macho makavu. Mbwa mwekundu alikuwa amelala miguuni pake. Ningekuwa na akili ningesalimia nikaenda zangu. Badala yake nikakaa, nikamweleza yote: daktari alichosema, nilichosema mimi, na kwamba nimekuja kuomba msamaha kwa mkwe wake. Kadiri nilivyosema ndivyo nilivyoona kuwa ninazidi kumchongea yule dada kwa mtu ambaye hakupaswa kujua.

Mama akaendelea kubambua. Kisha akauliza, "Wewe umeolewa?"

"Bado, mama."

"Umezaa?"

"Bado."

"Sawa." Akanijazia karanga kwenye kiganja. "Rudi kazi."

Nikarudi nimenyong'onyea. Nilimwambia daktari, naye akavua miwani, akaifuta. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alisema tu kwamba tukifika Jumamosi ya tatu bila kumwona yule mbwa, basi tusimtegemee tena.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Nilikuwa nainua kichwa kila kivuli kikipita mlangoni, mpaka nikamkata mbwa wa watu ngozi kidogo kwa wembe.

Jumamosi ya pili foleni ilikuwa imefika barabarani nilipoona watu wanapisha njia. Mama mkwe ndiye aliyekuwa mbele, amevaa gauni lake la kanisani, kamba ya mbwa ameizungusha mkononi mara tatu. Yule dada alimfuata hatua kadhaa nyuma, anatazama chini. Mama hakusubiri zamu na hakuna aliyethubutu kumkumbusha. Alisimama katikati ya uwanja wa mbele ya ghala, akaniuliza kwa Kiswahili, kwa sauti iliyozidi hata yangu:

"Ni hapa wanatoa kizazi ya mbwa?"

"Ni hapa, mama."

"Haya. Toa hii. Mbwa ni yangu, na ni mimi nimesema itolewe." Akageuka akawatazama waliokuwa kwenye foleni, mmoja baada ya mwingine, hasa wanawake. "Mimi nimezaa tisa. Kama kuna mtu anataka kusema kitu ya matumbo, aseme yangu."

Foleni ikatupisha njia hadi mezani.

Daktari alimchoma mbwa dawa ya usingizi mwenyewe. Nilinyoa lile tumbo taratibu kuliko nilivyowahi kunyoa. Alipopasua tukaona kizazi kimevimba, kina usaha upande mmoja, na daktari akapiga mluzi mdogo. Mbwa hakuwa anangoja mimba imuue. Alikuwa ameshaanza kufa. Mara mbili pumzi ilikatika na mara mbili nikamsugua mbavu huku namwita kwa maneno ya Kikuria niliyoitwa nayo nikiwa mtoto. Nilikuwa nalia na daktari akajifanya hanioni. Hatimaye akafunga uzi wa mwisho, akasema, "Mpeleke kwa wenyewe."

Mama mkwe alikuwa amekaa sakafuni pembeni ya marobota ya vitambaa, amenyoosha miguu. Akampokea mbwa mapajani. Yule dada akapiga magoti kando yake, akaanza kumpangusa mate kwa pindo la leso. Walikaa hivyo kwa karibu saa mbili, mwenye duka akiwaletea chai na kuulizia hali kila baada ya dakika chache. Mbwa alipofungua macho, yule dada alicheka na kulia kwa pamoja, na mama akamfuta machozi kwa kiganja kile kile chenye manyoya ya mbwa.

Waliondoka alasiri. Walimlaza mbwa kwenye leso pana, kila mmoja akashika ncha mbili. Walipofika uwanjani, mwanamke mmoja wa kijijini kwao, aliyekuwa amekaa siku nzima bila mbwa wala paka, akashindwa kujizuia. Akamwita mama kwa heshima zote, akacheka kidogo, akamwuliza kama sasa haoni boma lake litakuwa halina watoto wadogo kabisa, hata wa mbwa.

Mama akasimama. Nilidhani atamrushia tusi, na mimi nilikuwa tayari kumsaidia.

"Yuko mmoja," akasema, akamwonyesha yule dada kwa kidevu, maana mikono yake ilikuwa imeshika mbwa. "Niliachiwa na mama yake akiwa mkubwa tayari, anajua kupika. Wewe wako ulisumbuka kuwanyonyesha."

Kisha akamwambia mkwewe, "Nyathina, inua upande wako," yaani mtoto wangu, na hicho Kiluo nilikielewa. Yule dada akainua, wakashika njia ya nyumbani.