Samaki Hageuzwi Akipiga Kelele

Bibi yangu huniita mume wangu. Wajukuu wa kiume tuko saba na sote ni waume zake, ila mimi ndiye mume mkubwa, kwa sababu tunakaa nyumba moja Ruhuwiko na mimi ndiye ninayemkanda goti kwa maji ya moto. Ni utani wa bibi na mjukuu, kila mtu anaujua, hauhitaji cheti. Ndiyo maana sijawahi kukubali kwamba siku ile nilidanganya kanisani.

Kila Kwaresima, Ijumaa moja, parokia yetu huandaa chakula cha samaki. Njia ya Msalaba ikiisha, jumuiya zote zinakusanyika uwanjani, magege kutoka ziwa Nyasa wanakaangwa kwenye makarai, na watu wanawala kwa ugali na majani ya maboga. Inaitwa kufunga. Tumejinyima nyama, basi tunakula samaki mpaka mikanda inalegezwa. Niliwahi kumuuliza katekista hapo anayeteseka ni nani zaidi ya samaki. Nikafagia kanisa wiki mbili.

Bibi kazaliwa mwambao wa ziwa, hapa Songea kaja kwa kuolewa. Tangu mama yangu akiwa mtoto, samaki wa parokia wanakaangwa na yeye. Na miaka yote hiyo hajawahi kumla samaki wa siku ile akiwa wa moto. Anayekaanga hula mwisho, amesimama, kilichobaki. Kinachobaki ni mikia.

Mwaka huu goti lilikataa. Wiki nzima alitutangazia nyumbani: "Safari hii na mimi nakaa. Kiti, meza, sahani. Samaki mzima na kichwa chake, tena aje anafuka moshi." Akatoa sandukuni kitenge cha njano ambacho hakijawahi kuona jua, akanituma nacho kwa fundi kule Msamala. Nikakirudisha kikiwa gauni. Akalivaa mbele ya kioo, akageuka, akaniuliza, "Je, mume wangu?" Nikamwambia siku hiyo padri atasahau mahubiri. Mama akasema sote wawili tutaenda motoni, tena kwa bajaji moja.

Siku ikafika. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, turubai linadondosha maji, viatu vinanasa kwenye tope. Bibi akachagua kiti kikavu, akakaa, mikono mezani kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Ndipo katibu wa kamati ya chakula akashika kipaza sauti. Huyu ni mwalimu mstaafu, mtu mwema, ila akipewa kipaza sauti anakishika kama chaki, na sisi wote tunakuwa darasa la tatu.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina."

"Viti ni vichache. Meza ni za wanandoa na wenzi wao. Vijana mtakaa kwenye nyasi. Mama zetu wajane watatusaidia jikoni kama kawaida yao."

Kama kawaida yao. Nimegundua jambo moja kuhusu neno kawaida: anayelitamka mara nyingi ameshakaa.

Bibi aliitoa mikono mezani. Akachukua khanga, akaanza kuifunga juu ya gauni lake jipya, lile fundo la kwenda jikoni. Fundo likamchukua muda. Kisha akasema neno la Kinyasa ambalo mpaka leo mama amekataa kunitafsiria.

"Kaa, mke wangu," nikamwambia.

"Usinitafutie maneno wewe."

"Maneno yameshatafutwa, Bibi. Yametangazwa."

Nikaenda mbele.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Vijana kwenye nyasi."

"Mimi ni mwanandoa."

"Unasemaje?"

"Nimekuja na mke wangu. Yule pale wa njano. Naomba tukae, goti lake halipendi kusubiri."

Kipaza sauti kilikuwa bado wazi. Sikujua. Sawa, nilijua. Turubai zima likaangua kicheko, hata watawa, ingawa wao walikohoa kwanza.

"Hapa ni kanisani!" katibu akafoka. "Ndoa ni sakramenti, si mzaha wa kijiweni. Nyamaza, nenda ukakae!"

Hapo ningeweza kwenda. Watu walikuwa wameshacheka, nilikuwa nimeshapata sifa zangu, na baba alikuwa ananitazama kwa jicho la nyumbani. Lakini nikamwona Bibi amesimama, anachechemea kuelekea moshini, na gauni linaburuza tope.

"Kama ndoa yangu ni batili, mwalimu, basi mume wake wa kweli yuko makaburini hapo nyuma. Nikamwite?"

Kicheko kikakatika. Mama akajifunika uso kwa khanga.  Nikajua hapa nimevuka, na sikuwa na mzaha mwingine wa kunirudisha ng'ambo.

Sauti ikatoka nyuma. "Mume wangu! Unagombana na watu huku mimi mkeo nina njaa?"

Bibi alikuwa amegeuka. Akarudi kitini polepole, akaifungua ile khanga kiunoni kwa kuivuta tu, akaitandaza mapajani kama kitambaa cha hotelini. Jikoni kulikuwa na wajane watatu. Mmoja akaweka chini kijiko chake akauliza kwa sauti, "Na sisi waume zetu wako wapi?" Wajukuu zao watatu wakanyanyuka kwenye nyasi kama wameumwa na siafu. Watu wakasogeza viti. Waliosema ni vichache sijui walihesabu vipi.

Sasa mafuta yanachemka na motoni hakuna mtu. Katibu akaitazama kamati, kamati ikatazama viatu vyake. Akakunja mikono ya shati jeupe, akaenda mwenyewe. Samaki wa kwanza akamgeuza hapohapo, ngozi ikabaki kwenye karai, mwili ukakatika vipande vitatu. Nilikuwa na la kusema kuhusu Utatu, mama akanitazama, nikameza.

"Mwalimu!" Bibi akapaza sauti bila kuinuka. "Samaki hageuzwi akipiga kelele! Mwache anyamaze kwanza!"

Katibu akainamia karai, akasikiliza, mkono kiunoni, kama anasimamia mtihani. Yule wa pili akatoka mzima, rangi ya kitenge cha Bibi. Akamleta mwenyewe, na kichwa chake, anafuka moshi.

"Karibu, mama," akasema. Mimi hakunitazama.

Bibi alikula bila haraka hata kidogo. Jicho moja la samaki akanipa mimi, la pili akala yeye.

Jumapili baba alinipeleka kuomba msamaha. Nikaomba, kwa lile la makaburini tu. Katibu akaniuliza nimejifunza nini. Nikamwambia samaki hageuzwi akipiga kelele. Akasema nisijifanye mjanja, mwakani utaratibu unarudi kama kawaida.

Sawa. Mke wangu gauni ameshalifua, na mimi sijanyamaza.